Pole ya Jumatano

Mjini Nakuru mtu akijikwaa barabarani, anayechoma mahindi ng'ambo ya pili atamwambia pole. Hamjui, hakumsukuma, wala jiwe si lake, lakini atasema, na aliyejikwaa atajibu asante huku akijipangusa goti. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo Edinah alipojimwagia uji wa moto mkononi Jumanne asubuhi, mumewe Jerry alisema pole akiwa bado kitandani, jirani akasema pole kupitia ukutani, na fundi wa baiskeli aliyekuwa akipita mlangoni akasema pole bila kupunguza mwendo. Nasimiyu, binti yao wa pekee, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye jiko. Alimtazama mama yake, akapiga makofi mawili makavu.

"Next ball, mama!"

Edinah alidhani masikio yamemdanganya. "Unasema?"

"Hiyo imeisha. Next ball. Weka mkono kwa maji baridi."

"Mimi nimeungua, wewe unanipigia makofi?"

"Coach amekataza hilo neno mpaka finals. Hata nyumbani. Mmoja akisema, timu yote inakimbia raundi kumi."

"Neno gani?"

Nasimiyu alifunga mdomo. Kweli hakulisema.

Nyuma ya pazia Jerry alicheka mpaka akakohoa. "Mwache, Mama Nasi. Hiyo ndiyo akili ya mabingwa. Sisi tulikuwa tunacheza mpira ya kiwanda, tukipigwa tunapeana pole na soda. Umeona kombe hapa kwa nyumba?"

Kombe halikuwapo. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na nusu katika mtaa wa zamani wa Kivumbini, na kama kombe lingekuwapo, lingelala na mtu kitandani. Edinah alitia mkono kwenye karai la maji. Lakini alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana kwa miaka kumi na minne kazi yake kanisani ilikuwa hiyo hiyo pole.

Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha akina mama wanaozuru wagonjwa na waliofiwa. Alijua kwamba hutaji gharama ya hospitali kabla mwenyewe hajaitaja. Alijua kwamba huingii mikono mitupu, hata kama ni sukari nusu kilo, na kwamba maziwa hukabidhiwa kimyakimya. Na lilikuwapo jambo moja alilowafundisha wote waliojiunga na kikundi, tena kwa ukali: mwenye kosa hutaja kosa lake kwanza, ndipo aseme pole. Akianza na pole, amekuja kuangalia tu kama watu wengine.

* * *

Kocha Kabiru alikuwa ameiongoza timu ya voliboli ya wasichana ya chuo cha ufundi kwa miaka minne, na miaka yote minne timu ilishika nafasi ya pili. Nafasi ya pili ina ubaya wake. Wa mwisho huachwa aende zake. Wa pili hupewa pole na kila anayepita. Mwaka huu Kabiru alikwenda Nairobi kwa semina ya wiki moja, akarudi na daftari lililojaa maandishi na macho ya mtu aliyeokoka.

Alianza na ulimi. Hakuna pole, hakuna samahani, hakuna "tutajaribu." Msichana akianguka mazoezini, wenzake walimpa mgongo wakapiga makofi mawili. Mwanzoni walikuwa wakicheka. Kufikia wiki ya tatu waliacha kucheka, wakaanza kushinda.

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi. "Msipige penye nafasi," aliwaambia. "Pigeni mtu. Chagueni mmoja, mpigeni mpaka auogope mpira. Mkishamvunja huyo, wenzake wote watakuwa wanamtazama yeye, na hakuna atakayetazama mpira."

Mkono mzito kuliko yote ulikuwa wa Nasimiyu. Chuo kilikuwa kikimlipia karo kwa sababu ya mkono huo, na mkuu wa chuo alikuwa ametangaza mbele ya wanafunzi wote kwamba timu hii ikikosa kombe tena, fedha hizo zitahamishiwa kandanda. Nasimiyu alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize kozi yake ya umeme. Jerry alikuwa akichomelea madirisha ya watu kando ya barabara tangu kiwanda cha blanketi kilipopunguza wafanyakazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya leo ipo, kesho haipo. Kila mtu katika ile nyumba alijua kombe lile lilikuwa na maana gani. Hawakuhitaji kulizungumzia.

* * *

Nusu fainali ilichezwa Jumamosi, kwenye uwanja wa chuo. Edinah hakuwa na mazoea ya kwenda kutazama, lakini siku hiyo alikwenda, akakaa kwenye benchi kati ya wanafunzi, kitambaa cheupe kikiwa kimefungwa mkononi alipoungua.

Wapinzani walitoka chuo kimoja cha milimani, upande wa Mau, wamevaa kijani. Walikuwa na msichana mmoja mfupi, jezi namba nane, mwepesi sana wa kupokea mipira ya chini. Wenzake walimwita Chepkirui. Seti ya kwanza alipokea kila kitu, na wale wa milimani wakashinda. Hapo Kocha Kabiru akasimama pembeni mwa uwanja, akainua vidole vinane.

"Huyo huyo!" alipaza sauti. "Nasi, huyo huyo!"

Mpira wa kwanza ulimpata Chepkirui kifuani. Wa pili ulimgonga begani, akayumba. Wa tatu Nasimiyu alipanda hewani kwa urefu wake wote, na Edinah, asiyejua lolote kuhusu voliboli, aliona wazi kwamba kulikuwa na nafasi tupu kubwa upande wa kulia, ungeweza kuanika blanketi pale. Mpira haukwenda kulia. Ulimpiga yule msichana usoni, kwenye jicho, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabenchi.

Chepkirui alikaa chini polepole, mikono ikiwa imefunika uso. Wenzake walimkimbilia. Nasimiyu naye alipiga hatua mbili kuelekea kwenye wavu, mkono umeinuka kidogo, mdomo umefunguka.

"Next ball," alisema Kabiru. Hakupaza sauti.

Nasimiyu alisimama. Aligeuka akawapa mgongo, akapiga makofi mawili, na wenzake wote watano wakapiga. Upande ule wa mabenchi ukashangilia.

Edinah alikuwa amekwisha simama. "Pole!" alisema kwa sauti kubwa, peke yake. "Pole, mtoto! Pole sana!"

Vijana waliokuwa nyuma yake waliangua kicheko. "Mathe, kwani uko timu gani?" aliuliza mmoja. "Keti, mathe, tunaona mgongo yako tu." Edinah aliketi. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto, na hakujua kama haya ile ilikuwa yake au ya mwanawe. Timu ya chuo ilishinda seti tatu zilizofuata bila shida yoyote.

* * *

Jumatano ilikuwa zamu ya kikundi cha akina mama kuzuru wodi ya wanawake. Edinah alikwenda na rafiki yake Wariara, mwanamke wa sauti nzito aliyependa kuomba kwa muda mrefu. Walikuwa na maziwa pakiti nane na sukari. Walipita kitanda hadi kitanda, na kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha, Edinah aliona jaketi ya michezo ya kijani imetundikwa kwenye kiti. Alijua kabla hajamwona aliyelala.

Jicho la kushoto la Chepkirui lilikuwa limefunikwa kwa bandeji nene. Kando yake alikaa mama yake, aliyeshuka kutoka Olenguruone usiku wa Jumamosi akiwa na gambuti miguuni, na matope ya Mau yalikuwa bado yamekaukia hapo, kwa sababu hakuwa amebeba viatu vingine.

"Mpira tu," alisema Mama Chepkirui, kama mtu aliyelisema jambo mara nyingi na bado haliamini. "Ule wa kuchezea. Daktari anasema huko nyuma ya jicho kitu imebanduka. Jumatatu wanampeleka Nairobi kupasuliwa. Labda ataona, labda hataona."

"Na aliyempiga?" aliuliza Wariara. "Amekuja?"

"Nani aje? Hajakuja. Shule yao haijakuja. Hata simu." Yule mama alipangusa pua kwa kiganja. "Kwetu mtu akigonga ng'ombe yako na pikipiki, anakuja kwa boma. Anasimama kwa geti, anasema ni mimi. Na hiyo ni ng'ombe."

Wariara alitikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi. Nashangaa wamelelewa na mama gani."

Hapo ndipo Edinah alipotakiwa kusema. Alijua hivyo. Maneno aliyajua kuliko mtu yeyote mle wodini, aliyafundisha miaka kumi na minne. Lakini Wariara alikuwa amesimama pale, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakisikiliza, na yule mama alikuwa akimtazama kwa shukrani. Edinah akasema:

"Pole sana, mama. Mungu ataingilia kati."

Akampa maziwa na sukari. Mama Chepkirui aliushika mkono wake, akakiona kile kitambaa.

"Na wewe mkono imefanya nini?"

"Ni uji tu. Uliniunguza."

"Woi. Pole," alisema mama wa Chepkirui.

* * *

"Kesho tunaenda," Edinah aliwaambia wa nyumbani jioni ile. "Sote watatu. Nimesikia huyo msichana ako hospitali, na jicho liko vibaya." Hakusema amesikiaje. Hakusema amefika.

Nasimiyu alisukuma sahani kando. "Lazima nimuulize coach."

"Umuulize coach ruhusa ya kuwa mtu?"

Aliulizwa, na Alhamisi jioni Kocha Kabiru alikuja mwenyewe. Hilo lilikuwa jambo la heshima, na Edinah alilazimika kumpikia chai. Sukari ya nyumba aliipeleka wodini, kwa hiyo alikwenda kuazima kikombe kimoja kwa jirani huku kocha akisikia kila neno kupitia ukutani. Kabiru alikunywa chai yake kwa adabu, magoti yakigusa meza.

"Mama, mimi si mtu mbaya," alianza.

"Sijasema wewe ni mbaya. Nimesema mtoto aende akaseme pole."

"Ataenda. Jumapili, na mimi mwenyewe nitakuja na yeye. Kwanza ofisi imetuambia mtu yeyote asiende huko saa hii, inaweza kuonekana ni kama chuo kinakubali makosa."

"Na si ni makosa?"

Kabiru alimgeukia Jerry. "Mzee, nisaidie. Finals ni keshokutwa. Huyu msichana akiona hiyo bandeji leo, Jumamosi mkono wake utakumbuka. Atapanda, ataona uso wa mtu, atapiga nje. Hata mimi nikiwa yeye nitapiga nje."

"Kwani ni vibaya mkono ukumbuke?" aliuliza Edinah.

"Vibaya sana, mama, kwa sababu wale kumi na mmoja wengine hawajampiga mtu, na wao pia wanalipiwa karo." Aliweka kikombe chini. Sauti yake ilipungua. "Nimepewa pole miaka minne. Principal, wazazi, mpaka soja wa geti. Pole coach, pole coach. Bado sijaona pole ikilipia mtu fees."

Jerry alikuwa akijikuna ukucha uliotiwa weusi na kazi ya kuchomelea. Alikuwa mtu mwema Jerry, lakini alikuwa pia mtu aliyewahi kusimamishwa kazi siku ya Ijumaa akaambiwa pole na meneja, akarudi nyumbani na ile pole tu.

"Jumapili si mbali," alisema.

Wote wakamtazama Nasimiyu. "Nitaenda Jumapili," alisema huku akitazama meza.

Edinah alikunja uso kama mtu aliyeshindwa, akaondoa vikombe. Lakini ukweli usemwe: moyoni alipata nafuu. Jumapili ilikuwa mbali naye pia. Kila siku iliyosogezwa mbele ilimfichia ile pole yake ya Jumatano, na alipogundua kwamba amefurahi, alijichukia.

Baadaye, wakiosha vyombo, Nasimiyu alimsogelea.

"Mama, nililenga."

"Nilikuwa pale. Nilijua."

"Hujaelewa. Ule mpira wa tatu aliweka mikono hivi." Aliinua mikono yenye povu mbele ya uso. "Hiyo si kupokea. Hapo alikuwa anajificha. Nikaona anajificha, na bado nikapiga."

Huo ulikuwa ndio wakati wa Edinah kusema: mwanangu, hata mimi nimekosa, nilisimama mbele ya mama yake nikajificha. Wangelia pamoja, pengine wangevaa viatu waende usiku ule ule. Alisema, "Suuza hicho kikombe vizuri, ni cha watu."

* * *

Ijumaa Edinah alirudi wodini peke yake, akiwa na uji kwenye thamosi na kilo ya sukari aliyoikopa dukani. Alijiambia anakwenda kusema ukweli. Alifika akamkuta Mama Chepkirui amelala kwa kukaa, akaamka na kutabasamu kama aliyemwona dada yake.

"Katika Nakuru yote hii ni wewe tu," alisema. "Ile pakiti ya kwanza tumemaliza na chai ya wodi, na wewe unaleta ingine. Ebu keti. Una watoto?"

"Ninaye mmoja. Msichana."

"Anasoma?"

"Ako chuo."

"Mwambie asicheze mpira."

Edinah alimimina uji. Ulimwagika kidogo, na Mama Chepkirui akasema tena pole.

Chepkirui alikuwa akimtazama kwa jicho lake moja. Alikuwa msichana mkimya, hakuwa amesema mengi tangu Jumatano. "Mama," alisema, "sauti yako naijua. Siku hiyo nikianguka nilisikia watu wa upande ule wote wakishangilia, lakini mtu mmoja akasema pole, pole sana. Mtu mzima. Hata nimemwambia mama. Ilikuwa ni wewe?"

Fikiria. Katika wiki nzima ile, Edinah alikuwa amesema pole moja tu ya kweli, iliyochekwa na watoto wa watu, na sasa mwenyewe alikuwa akiletewa mkononi. Lakini akikubali ataulizwa alikuwa pale kumtazama nani.

"Labda ni mwingine," alisema. "Mimi huko sijui."

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na Edinah aliiona ya kwake ikiishia Jumapili. Alitoka akiacha thamosi yake pale, kwa sababu Mama Chepkirui alimwomba aiache.

* * *

Jumamosi hakwenda uwanjani. Alifua kila nguo iliyokuwa ndani ya nyumba, zilizo chafu na zilizo safi. Alasiri alisikia basi la chuo likipita barabara kubwa kwa honi na nyimbo, akajua. Jerry alifika kwanza, sauti imekauka, akambeba mkewe juu mbele ya majirani.

"Tatu mbili! Mama Nasi, tatu mbili! Mwaka mzima umelipwa!"

Nasimiyu aliingia nyuma yake, medali shingoni. Alikaa kitandani bila kuvua viatu. Mama yake alimwambia hongera, naye akaitikia kwa kichwa.

Kanisani kesho yake mchungaji alimsimamisha mbele ya waumini, wakampigia makofi, na Wariara akapiga kigelegele kirefu kuliko wote. Kocha Kabiru alituma ujumbe kwamba ameitwa na mkuu wa chuo kwa sherehe, kwamba wamtangulie. Jerry naye alisema madirisha ya mteja yanangoja, ingawa ilikuwa Jumapili. Wakaenda wawili.

Kwenye ngazi za hospitali Edinah alimshika binti yake mkono. "Nikumbushe unavyosema."

"Nataja kosa kwanza," alisema Nasimiyu. "Si ulinifundisha?"

Aliingia mbele. Mama yake alibaki hatua mbili nyuma, nusu amejificha kwenye mlango. Nasimiyu alisimama miguuni pa kitanda, medali ameiacha nyumbani, mikono ameishusha.

"Naitwa Nasimiyu," alisema. "Ni mimi nilikupiga. Nilikulenga wewe. Niliona umeweka mikono kwa uso na nikapiga tu. Halafu nikakupa mgongo, nikapiga makofi. Nimekaa siku nane bila kuja kwa sababu nilitaka kushinda. Pole, Chepkirui. Pole, mama."

Mama Chepkirui aliyashika magoti yake kwa mikono miwili. Chepkirui aligeuza kichwa kwenye mto mpaka jicho zima likampata.

"Mlishinda jana?"

"Tulishinda."

"Mlimlenga nani?"

"Namba tano."

"Aliumia?"

"Hapana. Lakini seti ya mwisho alikuwa analia akicheza."

Chepkirui alisogeza miguu chini ya blanketi, pakapatikana nafasi kando ya kitanda. "Keti," alisema.

Nasimiyu alikaa, akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto mdogo. Mama Chepkirui alimtazama akilia, na uso wake ukalegea kidogo. Kisha akainua macho kutafuta aliyekuja na huyu msichana, akamwona Edinah mlangoni. Alitabasamu, akaanza kumpungia mkono aingie. Halafu mkono ukasimama hewani. Alimtazama Nasimiyu, akamtazama Edinah. Paji lile lile, meno yale yale yenye mwanya.

"Huyu ni wako?"

"Ni wangu," alisema Edinah.

"Na Jumatano ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na Ijumaa. Tumekaa hapa, nakuambia habari ya nyumba yangu. Mtoto anakuuliza kama ni wewe ulisema pole, unasema sijui." Hakuwa akifoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mama, nilikuwa nataka kusema. Nilikuwa naona..." Edinah alitafuta neno. "Pole. Pole sana."

Akasikia mwenyewe alivyolianza upande usiofaa.

Mama Chepkirui aliinama, gambuti zake zikalia kwenye sakafu. Alivuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Alitoa thamosi iliyooshwa na kufutwa, na ile kilo ya sukari ya Ijumaa, haijafunguliwa. Alisimama akampelekea Edinah mpaka mlangoni, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Hii rudi nayo," alisema. "Na ile ya Jumatano tuliyokunywa nitakulipa. Pole ya msichana tumechukua. Yeye abaki. Wewe mama, wacha tu."

Nasimiyu aliinuka nusu. "Mama?"

"Keti," alisema Edinah. "Keti hapo, mwanangu."

Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameona pole ikipokewa kwa machozi, kwa ukimya, hata kwa matusi ya walevi wenye msiba. Hakuwa ameona ikirudishwa. Alitembea mpaka kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi, akakaa, thamosi kando yake na mfuko wa sukari mapajani. Kutoka ndani alisikia sauti za wale wasichana wawili, chini chini, moja ikiuliza na nyingine ikijibu. Hakuweza kusikia wanasema nini.

Mwanamke mmoja alipita akiwa na beseni la nguo za mgonjwa. Alimwona mama wa makamo ameketi peke yake nje ya wodi, amekumbatia sukari isiyofunguliwa, akafikiri anachofikiri mtu yeyote wa Nakuru: huyu amekuja kumwona mtu wake, amekuta kitanda kitupu. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama."

Edinah alilijua jibu lake. Kila mtu analijua. Alifungua mdomo, na yule mwanamke akangoja kidogo na beseni lake, kisha akaenda zake.